Nilimwita Mwizi kwa Sababu ya Kodi Tatu

Julai 2019 nilimwita kijana mmoja mwizi, hewani, wakati watu wa Bariadi wanakula chakula cha mchana huku redio inaongea. Neno lenyewe sikulitaja. Nilicheka kidogo, nikasema, "Huu tumeshausikia kanisani, sema amebadilisha maneno." Mwenzangu wa kipindi naye akacheka. Tukaenda kwenye matangazo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Naliandika leo kwa sababu aliyekosewa amenikatazia kulisema redioni, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Nikisema kodi, sizungumzii ya TRA wala ya pango. Wapiga gitaa na vinanda wetu huita hivyo sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Ukishika kodi ya G, ukahamia C, ukaenda D, halafu ukarudi G, umeshapiga mwendo ambao nusu ya nyimbo unazozijua zimepita juu yake. Kwaya, harusi, dansi, wimbo wa kampeni, wote wamo humo. Mimi nililijua hilo. Ndiyo maana kosa langu linaniuma: sikukosa kwa kutojua kabisa, nilikosa kwa kujua nusu.

Kijana alikuja na flashi yenye wimbo mmoja. Alitoka Itilima, amevaa shati la kuazima linalomzidi mabega. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, unamhusu kaka yake aliyeondoka na ng'ombe wa familia kuelekea kusini kutafuta malisho. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hapo. Kila ukoo una mtu aliyeswaga mifugo hadi Rukwa, Usangu au Kilombero, na wengine hawakurudi hata kuzika wazazi. Huyu kaka alikuwa anapiga simu, mara akanyamaza. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Baba yao akawa anakaa nje ya nyumba jioni anaangalia barabara.

Basi mdogo mtu akatunga wimbo. Ndani yake alitaja jina la kaka yake, la baba yao, na akamwelezea ng'ombe mmoja kwa rangi na pembe, ili mfugaji yeyote atakayesikia ajue ni nani anayetafutwa. Alikuwa na mpango. Mwaka ule Nane Nane ya kitaifa ilikuwa inafanyika kwetu, viwanja vya Nyakabindi, kama ilivyokuwa mwaka 2018. Wangekuja watu wa kila mkoa, wakiwemo wafugaji. Alitaka kuimba pale. Redio ilikuwa ngazi tu: wimbo ukichezwa na ukasifiwa, waliokuwa wanatafuta wasanii wa kuburudisha wangemchukua.

Alinieleza yote hayo mlangoni, harakaharaka, nami nilikuwa naangalia saa. Nikapokea flashi. Kipindini nikauchezesha wimbo kama dakika moja, nikasikia G, C, D, G, na wiki ileile kulikuwa na wimbo wa kwaya unavuma mjini wenye G, C, D, G. Nikaona nimekamata kitu. Mtangazaji anapenda kuonekana ana sikio. Nikazima wimbo, nikasema nililosema.

Hakuimba Nyakabindi. Nilisikia baadaye kwamba jina lake lilipotajwa, mtu mmoja aliuliza, "Si ndiye yule anayeiba nyimbo za kanisa?" Likaishia hapo.

Sasa niseme elimu yangu ya gitaa ilitoka wapi, maana ndiyo iliyonipa kiburi. Nilijifunza nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bwenini, kwa rafiki aliyekuwa na gitaa lenye nyuzi tano badala ya sita. Katika muhula mmoja nilijua kodi saba. Nikaanza kuona aibu kwa zile tatu za mwanzo. Nilizitafuta zile za majina marefu, zenye vidole vilivyopindana, nikiamini wimbo mzuri ni wimbo wenye kodi ambayo jirani haijui. Kwa miaka kumi sikumaliza kutunga wimbo hata mmoja. Lakini nilikuwa tayari kuhukumu za wengine.

Mei 2023 nilikuwa naandaa taarifa ya habari. Ikaja habari kutoka New York. Warithi wa Ed Townsend, aliyeandika Let's Get It On pamoja na Marvin Gaye mwaka 1973, walikuwa wamemshitaki Ed Sheeran wakisema wimbo wake Thinking Out Loud wa mwaka 2014 umechotwa humo. Kiini cha kesi kilikuwa mfuatano wa kodi nne na namna zinavyopigwa. Sheeran alishika gitaa palepale mahakamani, akawapigia raia waliokuwa wanaamua kesi, kuwaonyesha kwamba kodi kama zile ni vifaa vya kujengea ambavyo watunzi wote huvitumia. Akashinda.

Nilikuwa naitafsiri habari hiyo isomwe kwa sekunde arobaini. Nilipofika kwenye "mfuatano wa kodi", vidole vikasimama. Nikaliona lile shati la kuazima. Yule Mwingereza alikuwa na mawakili, na raia waliokaa siku kadhaa wakimsikiliza. Kijana wa Itilima alipata dakika moja ya wimbo wake na kicheko changu.

Jumapili iliyofuata nikaenda Maswa kwa mjomba. Zamani mjomba alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya dansi, enzi ambazo kijana akiwa na redio ya mkulima anamsikiliza Mbaraka Mwinshehe hadi betri zinaanikwa juani. Nikamweleza yote. Hakunilaumu wala hakunifariji. Alichukua gitaa, akanitaka niimbe do, re, mi, fa, so, la, ti.

"Haya. Kodi ya kwanza ina sauti zipi?"

"Do, mi, so."

"Ya nne?"

"Fa, la, do."

"Ya tano?"

"So, ti, re."

"Hesabu. Sauti gani ya ngazi haimo?"

Nikahesabu. Hakuna. Sauti zote saba zimo ndani ya kodi tatu hizo. Nilikuwa nimezipiga miaka yote bila kuliona hilo. Ndiyo sababu karibu kila sauti anayoiimba mama jikoni kwa kufuata ngazi ile, mpiga gitaa atapata mahali pa kuiegemeza katika kodi tatu. Watunzi hawakukutana mahali wakakubaliana kuibiana. Sauti zenyewe ndizo zinazowavuta huko. Ya kwanza ni nyumbani. Ya nne ni kutoka uani. Ya tano ni kufika mlangoni na kutaka kuingia. Ukiikatisha wimbo hapo, msikilizaji anabaki mguu mmoja nje.

"Sisi tulikuwa tunashindana kweli," mjomba akasema. "Lakini hukusikia mtu anasema bendi fulani imeiba kodi. Watu walikuwa wanaulizana mtindo."

Nikakumbuka kwamba ni kweli. Nuta Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz wana Saboso, Tabora Jazz wana Segere Matata, na baadaye Mlimani Park wakaja na Sikinde. Mtindo ulikuwa jina la bendi mbele ya watu: mdundo wake, namna magitaa yanavyojibizana, mahali tarumbeta zinapoingia. Chini ya nyingi za nyimbo hizo, ukikwangua, unakuta moja, nne, tano. Na hizo nazo hazikuzaliwa Dar wala Tabora peke yake. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba, na vijana wa Kongo na wa kwetu wakazisikiliza hadi zikachakaa. Salum Abdallah wa Morogoro bendi yake aliiita Cuban Marimba, hakuficha alikosikia. Lakini ukimsikia Salum Abdallah unajua ni yeye, tena ni Mswahili.

Wapenzi wa fasihi mnaosoma hapa, hili si geni kwenu, ni sisi wa redio tuliochelewa. Tarbia ina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane huku na nane kule, vina vya kati na vya mwisho. Muyaka wa Mombasa aliitumia. Shaaban Robert akaitumia zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mamia ya watu waliopeleka mashairi magazetini wameitumia. Hakuna msomaji mwenye akili aliyewahi kufungua ukurasa akasema, "Huyu mwizi, mizani yake ni kumi na sita." Tunachouliza ni kama ndani ya zile nane amesema jambo, na kama kina kimekuja chenyewe au kimeburutwa kwa kamba. Na aliyechoka na nane kwa nane anayo njia nyingine: Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, mwaka 1974 alitoa Kichomi akaachana na vina na mizani, na kelele zake tunazijua. Lakini kuvunja umbo ni uamuzi wa mtunzi. Aliyebaki ndani ya umbo hajawa mwizi kwa sababu hiyo.

Usiku ule nilifanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya kabla sijafungua mdomo mwaka 2019. Flashi bado nilikuwa nayo. Aibu nyingine, sikumrudishia. Nikapiga kodi peke yake, bila kuimba, za wimbo wa kwaya na za wimbo wake. Zikaonekana mapacha. Kisha nikaweka gitaa chini na kuimba sauti ya kila wimbo bila ala. Hapo mapacha wakatengana. Wa kwaya ulianza juu na kushuka ngazi kwa ngazi. Wa kijana ulizunguka kwenye sauti tano tu, chini, kama mtu anayeita jina kwa mbali, anasubiri, anaita tena. Sauti hiyo nilishaisikia utotoni, si kanisani, bali shambani, watu wanapopalilia pamba kwa mstari, mmoja anatoa na wengine wanapokea. Kama alichukua mahali, basi alichukua kwa wazee wake, na hao walimwachia.

Sisemi kwamba katika muziki hakuna wizi. Upo. Ukichukua sauti ya mtu na maneno yake ukabandika jina lako, umeiba. Ukikata kipande cha rekodi ya mwenzio ukaweka kwenye biti yako bila ruhusa, umeiba. Vijana wa studio zetu wanafanyiwa hivyo na wanafanyiana. Ndiyo maana tuhuma hii ni nzito na isirushwe ovyo. Mimi niliirusha kwa kuangalia barabara, sikumwangalia anayepita juu yake.

Jambo jingine lilinisumbua. Usukumani tuna utaratibu wa zamani wa kuamua nani anaimba vizuri, na haukuwa na mtu wa aina yangu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake. Watu wako katikati. Wakipendezwa na huku wanasogea huku. Mwenzao akitoa kali zaidi wanahamia kule. Upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Kila mmoja anahukumu kwa miguu yake, na lazima awe amesikia kwanza. Mimi nilihukumu kwa niaba ya uwanja mzima, na uwanja ulikuwa haujasikia.

Nilimpata mwezi Juni, Lagangabilili, ana kibanda cha kutengeneza simu. Nilipanda Noah asubuhi na mapema, nimejipanga maneno njia nzima, na vumbi likayameza yote.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka, dada." Akaniangalia. "Nakufahamu sauti."

Nikamwambia kilichonileta. Nilisema nilikosea, kwamba wimbo ulikuwa wake, na nikaweka flashi juu ya meza kati ya bisibisi na vioo vya simu vilivyopasuka. Akaichukua, akaigeuzageuza.

"Dada, mimi nilidhani wewe umesoma mambo ya muziki," akasema. "Nikaamini. Nikasema labda nimeusikia kanisani bila kujua, ukaniingia. Nikaacha."

Nilijiandaa kwa hasira, si kwa hilo. Kwamba aliniamini mimi kuliko sikio lake mwenyewe. Miaka minne hakuwa ametunga kitu.

Nikamuuliza habari za kaka. Akacheka kidogo. Kaka alirudi mwenyewe mwaka 2021, alikuwa amepoteza simu na namba zote, na ng'ombe zaidi ya nusu walikuwa wamekufa, akaona haya kurudi mikono mitupu. "Baba alishafariki, mwaka wa nyuma yake," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anamngoja." Akavuta kiti cha mteja aliyeondoka, akanipa nikae.

Siwezi kusema wimbo ungemrudisha kaka mapema. Pengine ungechezwa Nyakabindi na asiwepo hata mmoja wa kupeleka habari. Lakini nafasi ya kujaribu ilikuwa yake, nami niliimaliza kwa sentensi moja.

Nikajitolea kutangaza masahihisho, kipindi kilekile, saa ileile. Akakataa.

"Ukirudi kusema sasa, dada, watu waliokuwa wameshasahau watakumbuka kwamba kuna wimbo uliibwa. Hilo la kusema haukuibwa hawatalisikia." Mtu anayetengeneza simu anajua ujumbe unavyofika nusu. Ndiyo sababu hapa sijamtaja, na wimbo sijautaja.

"Wewe unapiga gitaa?" akauliza.

"Kodi chache."

"Ngapi?"

"Tatu zinatosha?"

Mara hii alicheka kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao na gitaa la mjomba. Kaka mtu alikuwepo, amekonda, mpole, anajibu salamu akiangalia chini. Alikuwa hajawahi kuusikia wimbo wake mwenyewe. Tukakaa palepale nje ambapo baba yao alikuwa anakaa. Nikashika G. Kijana akaanza kuimba, nikaenda C, nikahesabu kama nilivyozoea, nikahamia D.

Akanikata kwa mkono. "Bado. Kaa hapohapo."

Tukaanza upya. Nilipofika C nikabaki. Yeye akaimba jina la kaka yake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami niko C tu, vidole vinawasha vinataka kuondoka. Kwenye wimbo wa kwaya kila kodi ilikaa mapigo manne kisha ikapisha nyingine. Yeye alikuwa anakaa nje, uani, muda mrefu kuliko sikio linavyovumilia, ndipo anaingia D kwa neno moja na kurudi nyumbani. Ilikuwa hivyo hata kwenye rekodi ya 2019, na hata usiku ule wa jaribio nilipiga kwa hesabu ya kichwani mwangu, ndiyo maana nikasikia mapacha. Kumbe hata zile kodi nilizodai kuzitambua sikuwa nimezisikia.

Wimbo ulipokwisha tulinyamaza. Kaka mtu akakuna kichwa, akamuuliza mdogo wake kwa Kisukuma kama yule ng'ombe wa kwenye ubeti wa pili ni yule aliyevunjika pembe ya kushoto.

"Ndiye."

"Alifia njiani, kabla hatujafika Ihefu," akasema. Kisha akamwambia aimbe tena, nami nikarudisha vidole kwenye G.